Skuta Ndogo Kwenye Meseji: Itume Ukijua Imebeba Nini

Usiku mmoja, yapata saa 3, nilikuwa jikoni kwangu Dar es Salaam nikiosha vyombo. Kwenye simu ukaingia ujumbe kutoka kwa mdogo wangu wa kiume aliyeko Unguja. Maneno yalikuwa manne tu: "Dada, Mama tumempeleka hospitali." Mwishoni aliweka picha ya skuta: 🛵.

Sikumaliza kuosha vile vyombo. Hapa ninapoishi, ukitaja pikipiki na hospitali kwa pamoja, mtu anaelewa ajali. Nilimwona mama yangu barabarani, kanga imemtoka, watu wamemzunguka. Nilipiga simu mara tatu, haikupokelewa. Nikampigia shangazi, naye hana habari. Baada ya dakika ishirini, ambazo sitazisahau, jibu likaja: "Presha ilipanda, Dada, lakini sasa hajambo. Gari hatukupata, nimempakia kwenye vespa ya jirani."

Kumbe ndiyo hiyo vespa. Tangu tukiwa wadogo ilikuwa ikilala chini ya mwembe, nyumba ya pili kutoka kwetu. Kwa mdogo wangu, ile picha ilikuwa ndiyo hiyo vespa yenyewe: msaada umepatikana, Mama amefika salama. Kwangu mimi ilikuwa bodaboda iliyomgonga. Hakuna aliyekosea kusoma. Kila mmoja alisoma kwa barabara inayopita mbele ya nyumba yake.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiitazama sana ile skuta ndogo. Naiona kwenye matangazo ya wauza nguo, kwenye makundi ya ukoo, kwenye meseji za vijana wanaosema wanakuja. Na kila ninapoitazama naona imebeba ahadi: kwamba kuna mtu anakuja, kuna mzigo unafika, kuna nauli imelipwa, kuna muda umepangwa. Ahadi ni deni. Nataka tuzungumze namna ya kuituma bila kumwingizia mwenzako deni asilolijua, au kujiingizia mwenyewe.

Ijue kwanza picha yenyewe

Neno emoji ni la Kijapani: "e" ni picha, "moji" ni herufi. Mwaka 1999, Shigetaka Kurita wa kampuni ya simu ya NTT DoCoMo nchini Japani alichora picha 176, kila moja ikiwa na nukta 12 kwa 12, ili watu wapashane habari kwenye vioo vidogo vya simu za wakati ule. Humo mlikuwa na jua, mwavuli, garimoshi na gari. Yaani tangu mwanzo picha hizi hazikuwa pambo peke yake. Zilichukua kazi ya maneno: mvua inanyesha, treni imefika. Anayetuma skuta leo kusema "mzigo uko njiani" anaitumia kwa kazi ileile ya kwanza.

Skuta zenyewe zilikuja baadaye. Kuna shirika liitwalo Unicode, lenye makao California, ambalo huipa kila herufi ya dunia namba yake ili simu ya Nairobi na simu ya Muscat zielewane. Mwaka 2016 shirika hilo liliingiza skuta mbili kwa mpigo. Ya kwanza, 🛴, ni ile ya kusimama na kusukuma kwa mguu. Ya pili, 🛵, ni ya injini, yenye kiti na ngao mbele, kwa umbo la vespa. Pikipiki kubwa ya mbio, 🏍️, ilikuwa imetangulia mwaka 2014. Bajaji, 🛺, ilisubiri hadi mwaka 2019. Ndiyo maana kwa miaka kadhaa watu wa kwetu waliokuwa wakipanda bajaji walituma skuta: picha ya kile walichokipanda haikuwepo.

Kuna mambo matatu hapa ya kuyashika kabla hujaanza kuituma.

La kwanza, Unicode hutoa namba na jina tu. Kila kampuni ya simu huchora picha yake. Skuta unayoiona nyekundu kwenye simu yako inaweza kuwa ya rangi nyingine kwenye simu ya mwenzako. Kwa hiyo usimwambie mteja, "Msubiri dereva, ana skuta kama hii 🛵," ukidhani anaona rangi unayoiona wewe. Mwandikie rangi kwa maneno.

La pili, simu ambayo programu yake ni ya kabla ya mwaka 2016 haina skuta kabisa. Itaonyesha kisanduku kitupu. Kwenye mkoba wa bibi zetu na mifukoni mwa wazee wetu wengi simu za namna hiyo bado zipo. Kama maana yote ya ujumbe wako imo ndani ya ile picha, bibi amepokea kisanduku.

La tatu ni dogo lakini limenisumbua mara nyingi. Katika simu nyingi skuta imeelekea kushoto, nasi tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiandika "Tanga 🛵 Dar" ukimaanisha unatoka Tanga unakuja Dar, macho ya msomaji yanaona chombo kinakwenda Tanga. Andika "Natoka Tanga, naja Dar," kisha weka skuta mwishoni. Na kama unapenda kuweka ule moshi wa kasi, uweke nyuma ya skuta, yaani kulia: 🛵💨. Ukiuweka kushoto, utakuwa umeuweka mbele ya uso wa dereva.

Kila mtu ana barabara yake

Ushauri wangu mkubwa katika makala hii ni huu: kabla hujatuma skuta, jiulize mwenzako anaona nini akichungulia dirishani.

Mtu wa Unguja akichungulia ataona vespa. Chombo hiki kilizaliwa Pontedera, Italia, mwaka 1946. Kampuni ya Piaggio ilikuwa ya ndege, na vita viliiacha na kiwanda kilichopigwa mabomu katika nchi ya barabara mbovu. Mhandisi wake, Corradino D'Ascanio, alikuwa mtu wa helikopta asiyezipenda pikipiki: nzito, chafu, ngumu kupanda. Akachora chombo ambacho mtu anakaa kama anavyokaa kwenye kiti, magoti pamoja, injini imefunikwa isichafue nguo, na mbele kuna ngao ya bati ya kuzuia tope. Wakakiita vespa, neno ambalo kwa Kiitaliano ni nyigu. Ukilifikiria umbo hilo utaelewa kwa nini lilipata makazi mema visiwani. Mzee wa kanzu anakaa na kanzu yake haishiki mafuta. Mwanamke wa buibui anapanda bila kupandisha nguo. Mama yangu usiku ule, presha imempanda, kichwa kinamzunguka, aliweza kukaa nyuma ya mwanawe akamshika kiunoni. Kwa watu wa nyumbani kwetu, skuta ni heshima na ujirani.

Mtu wa Dar es Salaam ataona bodaboda, na pembeni yake bajaji. Wengi hawajui kwamba bajaji na vespa ni ndugu wa damu. Mwaka 1948 Piaggio walitoa chombo cha magurudumu matatu kilichotokana na vespa, wakakiita Ape, yaani nyuki. Miaka ya 1960, kampuni ya Bajaj ya India ilikuwa ikitengeneza vespa na vyombo vya magurudumu matatu kwa kibali cha Waitaliano hao, kisha ikaendelea na vya kwake hadi jina lake likawa ndilo jina la chombo chenyewe midomoni mwetu. Lakini mitaani hatuhesabu ukoo wa vyombo. Bodaboda ni haraka, ni nauli ya kupatana, na kwa bahati mbaya ni ajali pia. Bajaji ni mvua isiyokulowesha, ni mama na mtoto na mfuko wa sokoni. Kama utakuja na bajaji, tuma 🛺. Mwenzako atajua kwamba ndoo na begi vitaenea.

Mtu wa Mombasa ataiita hiyo bajaji tuktuk. Na mtu wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, anaweza kukueleza kwamba bodaboda ya kwanza haikuwa na injini kabisa. Ilikuwa baiskeli, ikivusha watu na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine, ndipo jina likatoka hapo. Mzee wa huko ukimtumia picha ya baiskeli, 🚲, atakuelewa upesi kuliko skuta.

Sasa nenda Goma, Kongo, kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili chini ya mlima Nyiragongo. Mtumie mtu wa huko ile skuta ya kusukuma kwa mguu, 🛴. Katika miji mingi ya Ulaya hicho ni chombo cha mtoto au cha kijana anayekwenda ofisini. Goma ataona chukudu: gogo la mti lililochongwa, usukani wa mti, magurudumu ya mti yaliyovalishwa mpira wa tairi kuukuu. Linabeba viazi, makaa, kabichi na mbao kutoka vilimani hadi mjini, uzito ambao watu wawili hawawezi kuunyanyua. Kwenye mteremko mwenye chukudu hupiga goti juu ya chombo na kukiongoza kwa mikono. Kwenye mlima wa kupanda hukisukuma. Katikati ya mji, kwenye mzunguko wa barabara, imesimamishwa sanamu ya mtu na chukudu lake, imepakwa rangi ya dhahabu. Huko ile picha ndogo ni ada ya shule ya watoto. Usimtumie mtu wa Goma skuta hiyo ukimaanisha mchezo.

Na Paris? Huko skuta hiyohiyo ya kusukuma, ikiwa ya umeme na ya kukodi, ilileta ugomvi wa mji mzima. Zilikuwa zikitupwa ovyo kwenye njia za waenda kwa miguu, zikiwaumiza watu. Aprili 2023 wakazi waliitwa kupiga kura. Waliojitokeza ni wachache, lakini karibu tisa kati ya kila kumi walisema hapana, na kufikia Septemba 2023 skuta za kukodi zilikuwa zimeondolewa barabarani. Mpwa wako aliyeko huko akikutumia 🛴 na uso wa hasira, huenda anaukumbuka ugomvi huo.

Ile ya injini nayo ina maana mbili Ulaya. Moja ni chakula kinacholetwa mlangoni. Nyingine ni likizo na mapenzi, tangu filamu ya Roman Holiday ya mwaka 1953 ilipowaonyesha Audrey Hepburn na Gregory Peck wakizunguka Roma juu ya vespa. Rafiki yako aliyeko Ulaya akiweka skuta pamoja na jua na limau, anapumzika. Usimuulize anauza nini.

Kwa wewe unayeuza

Nina jirani anayeuza mashuka kwa simu. Ni mwanamke mchapakazi, mali yake nzuri, na hana maneno mengi. Siku moja aliweka tangazo hili: "Mashuka mapya 6x6, 45,000 🛵". Basi.

Wateja watatu walilisoma kwa namna tatu. Wa kwanza, wa Sinza, alielewa analetewa bure. Wa pili, wa Mbagala, alielewa analetewa na atalipa nauli kidogo kama ile anayoilipa kwenda kituoni. Wa tatu, wa Dodoma, alielewa kwamba naye yumo. Jirani yangu alikuwa na maana ya nne: kwamba anaweza kumtafutia mteja bodaboda, mteja akipenda, kwa nauli watakayopatana na dereva. Yule wa Mbagala alipoambiwa nauli baada ya mzigo kufika, aligoma. Dereva akarudi na mashuka, akadai nauli ya kwenda na kurudi. Faida ya pea ile ikaishia kwenye tangi la pikipiki.

Tulikaa naye barazani, daftari mkononi, tukajibu maswali manne ambayo skuta peke yake haiwezi kuyajibu: inafika wapi, nauli inalipwa na nani, inafika saa ngapi, na mzigo ukiharibika njiani nani anawajibika. Tangazo likawa hivi:

"Mashuka ya pamba sita kwa sita, pea moja na foronya nne, sh. 45,000. Tunaleta kwa bodaboda Sinza, Mwenge na Kijitonyama, nauli sh. 3,000 analipa mteja. Maeneo mengine ya Dar tunakubaliana nauli kabla mzigo haujatoka. Mikoani tunatuma kwa basi. Ukilipia kabla ya saa 6 mchana, unapokea leo kabla ya saa 12 jioni. Fungua mzigo mbele ya dereva. Ukiona kasoro, mrudishie, nauli ni yetu. 🛵"

Skuta bado ipo. Ila sasa inapamba ahadi iliyokwisha kuandikwa, nayo inamsaidia mteja anayepitisha macho haraka kujua kwamba hapa kuna huduma ya kuletewa. Hiyo ndiyo kazi inayoiweza vizuri.

Jambo la pili kwa wauzaji: ipe skuta maana moja na usiibadilishe. Mimi nashauri iwe "mzigo umeshaondoka dukani." Usiitume wakati dereva bado anakunywa chai. Mteja akishazoea kwamba skuta yako ikifika basi pikipiki kweli imewasha, utakuwa umejipatia sifa ambayo tangazo la kulipia haliwezi kukununulia. Ukiituma mara mbili kwa uongo, mara ya tatu haitasomwa.

La tatu ni la mfukoni kabisa. Kama unawatumia wateja meseji za kawaida za simu, zile zisizo za intaneti, ujue ukubwa wake. Meseji moja yenye herufi za kawaida hubeba herufi 160. Ukitia emoji moja tu, mfumo hubadilika na meseji hiyo hubeba 70. Tena skuta yenyewe huhesabiwa kama herufi mbili. Ujumbe wako wa herufi 150, uliokuwa ukilipiwa kama meseji moja, ukiongezwa skuta unakatwa vipande vitatu. Kwa wateja 200 utalipia meseji 600. Kwenye meseji za kawaida andika neno "tunaleta," na skuta iache kwenye WhatsApp na Instagram.

Na kama bado unadhani hizi ni picha tu, sikia kilichotokea Kanada. Mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa mbegu za kitani akamwomba athibitishe. Mkulima akajibu kwa kidole gumba, 👍. Mbegu hazikuletwa, bei ilikuwa imepanda. Mkulima alisema alimaanisha tu kwamba mkataba ameupata. Mwaka 2023 mahakama ya jimbo la Saskatchewan iliamua kwamba kidole kile, kwa jinsi wawili hao walivyozoea kufanya biashara kwa meseji, kilikuwa sahihi yake, na ikamwamuru alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Hiyo ni sheria ya kwao. Lakini somo linavuka bahari: mkizoea kufanya biashara kwa picha, picha itahesabiwa kuwa neno lako.

Kwa wewe unayekuja nyumbani

"Niko njiani 🛵" ni ujumbe unaotumwa na watu wengi wakiwa bado hawajavaa viatu. Naomba tuache. Mtu anayekusubiri anapanga maisha yake kwa ujumbe huo. Mama anaanza kusonga ugali. Mgonjwa anaacha kuomba msaada kwa jirani kwa sababu wewe unakuja. Kama bado uko bafuni, andika "Natoka baada ya nusu saa." Hakuna aibu ndani yake.

Ukishapanda, simu iweke. Niliwahi kupakiwa na dereva aliyekuwa akijibu meseji huku ameshika usukani kwa mkono mmoja, na nilipomwomba asimame nilishuka nikatembea. Kama wewe ndiye unayeendesha, tuma skuta kabla hujawasha chombo, kisha usiiguse simu mpaka ufike. Na sisi tunaosubiri tuna wajibu wetu. Ukipokea skuta kutoka kwa mtu unayejua anaendesha, usimfuatie na maswali. Kila mlio wa simu mfukoni mwake ni mkono unaotaka kuacha usukani.

Kwa binti anayerudi usiku kwa bodaboda asiyoijua, skuta haitoshi hata kidogo. Mtumie dada au mama yako namba ya chombo, ile inayoanzia na MC kwa pikipiki za Tanzania Bara, mahali ulipopandia, na saa. "MC yake ni hii, nimepandia Mwenge saa 4, nikifika naandika." Ukimaliza hapo, weka skuta ukitaka. Ukipata tatizo, ni ile namba itakayokutafutia msaada.

Makundi ya ukoo yana adabu yake. Kwenye habari ya msiba usitume skuta, hata kama kweli unakwenda msibani kwa skuta. Picha hizi zina wepesi ndani yake, na mfiwa akiona chombo chenye rangi pembeni ya jina la marehemu wake anaumia. Andika kwa maneno kamili: "Poleni sana. Nimeshapanda gari, nitafika kabla ya maziko." Kwa habari ya ugonjwa fanya hivyohivyo, na hili nalisema kwa uchungu wa usiku ule: taja ugonjwa, taja hali ya mgonjwa, kisha ndipo useme mmempeleka kwa chombo gani. Kwa wazee anza na salamu. "Shikamoo, Mjomba. Mzigo wako nimempa dereva, atafika saa 8 mchana" ni ujumbe unaomtosha. Skuta ukiiongeza ni sawa, ukiiacha hajapungukiwa.

Wapo pia wasioona, ambao simu huwasomea meseji kwa sauti. Simu yao ikikutana na skuta hulitaja jina lake. Ukipanga skuta kumi ili kuonyesha furaha, ndugu yako anasomewa skuta mara kumi kabla hajajua ulichotaka kusema. Weka moja, mwishoni. Na kama unazungumzia kiti mwendo cha umeme cha mtu mwenye ulemavu, usimtumie skuta. Tangu mwaka 2019 kuna picha yake mwenyewe, 🦼. Mpe iliyo yake.

Skuta peke yake, bila neno

Isije ikaonekana nawakataza watu picha zao. Iko siku skuta inatosha peke yake, bila neno hata moja. Nawajua mke na mume, mume ni dereva wa boda, mke ana genge la mboga. Kila jioni mume akimaliza kazi humtumia mkewe skuta moja, tupu. Mke huiona, hufunika nyanya zake, huanza kuchemsha maji ya kuoga. Miaka yote hiyo hawajakosea, kwa sababu barabara yao ni moja: chombo ni kilekile, saa ni ileile, anayekuja ni yuleyule. Walishaafikiana maana kwa kuishi pamoja.

Hiki ndicho kipimo ninachokuachia. Kama wewe na mwenzako mna chombo kimoja akilini, saa moja na njia moja, tuma skuta na ulale. Kama hujui anaona nini akichungulia dirishani, andika kwanza nani, wapi, lini na kwa nauli ya nani. Inakuchukua nusu dakika.

Mdogo wangu na mimi tulizungumza baada ya Mama kupona. Hatukulaumiana. Tulikubaliana tu kwamba akiandika habari za Mama, aandike kama anayemwandikia mtu aliye mbali, maana kweli niko mbali. Wiki iliyopita ujumbe wake ulikuja nikiwa kwenye daladala: "Dada, leo ni siku ya kliniki ya Mama, kupimwa presha tu kama kawaida. Nimemchukua kwa vespa, mwenyewe alitaka apigwe upepo. Saa 5 tutakuwa tumerudi." Mwishoni palikuwa na skuta. Nilimwona Mama nyuma yake, buibui limejaa upepo, amemshika mwanawe kiunoni. Nikarudisha simu kwenye mkoba, nikaendelea na safari yangu.